Msingi Usioonekana: Uchache na Shaka katika Ramani Zinazochorwa na Mashine



Mada niliyopewa ni modeli za kompyuta zinazogawa picha, yaani zile zinazoitazama picha nukta kwa nukta na kuitaja kila nukta ni kitu gani. Nimeombwa nieleze mambo mawili yanayozisumbua: shaka, na vitu visivyolingana kwa wingi. Mifano mingi ya mada hii huchukuliwa hospitalini, katika picha za ubongo na mapafu. Mimi nitaichukulia juu ya mapaa ya Unguja na Pemba, kwa sababu kazi ilikwisha kufanyika pale na kwa sababu wengi wenu mtaitumia.

Kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikishirikiana na Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), ilirusha droni ndogo kupiga picha visiwa hivyo. Zilipigwa zaidi ya kilomita za mraba 2,300, na pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, inafunika takribani sentimita 7 za ardhi. Ukiikuza unaona pipa la maji uani na kivuli cha mnazi ukutani. Mwaka 2018 sehemu ya picha hizo ilitolewa kwa mashindano ya kimataifa yaliyoitwa Open AI Challenge: Tanzania. Washindani walitakiwa watengeneze modeli itakayochora mipaka ya kila jengo, kisha ilipange jengo hilo katika moja ya makundi matatu: jengo lililokamilika, jengo lisilokamilika, na msingi.

Aliyechagua makundi hayo alizielewa pwani zetu. Kwetu nyumba haijengwi kwa mwaka mmoja. Mtu hununua kiwanja, akachimba, akaweka msingi, akasubiri. Akipata fedha hupandisha ukuta, na pagale hilo linaweza kukaa miaka, nyasi zikaota mahali patakapokuwa sebule. Kwa mtu wa mipango miji, msingi ni habari kubwa kuliko nyumba iliyokwisha kuezekwa. Ofisi inayoiona misingi leo inaijua mitaa itakayokuwapo, na bado ina nafasi ya kutenga njia ya barabara, mtaro wa maji ya mvua na uwanja wa skuli. Ofisi inayosubiri mapaa imekwisha chelewa, maana wakati huo anayetakiwa kupisha barabara ni mama mwenye watoto na mali yake yote iko ndani ya zile kuta.

Sasa, katika makundi yale matatu, msingi ndio mchache na ndio mashine inaupata kwa taabu kubwa. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba taabu hiyo ina chanzo kinachoweza kuhesabiwa kwa kalamu na karatasi. Nitaonyesha pia kwamba dawa tunazotumia kuutibu uchache zina madhara: zisipoangaliwa, zinaiharibu shaka ya modeli. Na shaka hiyo ndiyo itakayomwambia afisa wa uwandani aende wapi kesho asubuhi.

Tuanze na hesabu. Chukueni msingi wa mita 8 kwa 10, mita za mraba 80. Kwa pikseli ya sentimita 7, msingi huo una pikseli kama 16,300. Tuseme uko peke yake katika eneo la hekta 10 la mashamba, njia na nyumba kadhaa. Hekta 10 zina pikseli zaidi ya milioni 20. Kwa hiyo msingi wetu ni asilimia 0.08 ya picha. Modeli isiyojua lolote kuhusu misingi, ikijibu kila mahali kwamba hapa hapana msingi, itakuwa sahihi kwa asilimia 99.92. Taarifa yenye namba kama hiyo hupita mezani kwa makofi. Ninawasihi, mkiona usahihi wa asilimia 99 katika kazi ya kugawa picha, msifurahi kabla hamjauliza ni usahihi wa kitu gani.

Hilo ni tatizo la kupima, na kupima hurekebishika. Kubwa zaidi ni tatizo la kujifunza. Mashine hujifunza kwa kuadhibiwa. Kwa kila pikseli hutoa uwezekano, namba kati ya 0 na 1, kwamba pikseli hii ni ya kundi fulani. Kisha hupewa adhabu kulingana na uwezekano ulioupa jibu la kweli. Fomula inayotumika zaidi ni logi asilia ya uwezekano huo ikigeuzwa alama yake. Ukilipa jibu la kweli uwezekano wa 0.99, adhabu ni karibu 0.01. Ukilipa 0.01, adhabu ni 4.6. Adhabu za pikseli zote hujumlishwa, na mashine hujirekebisha ili jumla ipungue.

Rudini kwenye hekta zetu 10. Tuseme modeli imekwisha kuijua ardhi tupu vizuri sana, kila pikseli yake inapewa 0.99. Pikseli milioni 20 na laki nne, kila moja na adhabu yake ya 0.01, zinaleta jumla ya kama 205,000. Tuseme modeli hiyohiyo haijauona msingi hata kidogo, kila pikseli ya msingi imepewa 0.01. Pikseli 16,300 kwa adhabu ya 4.6 ni kama 75,000. Tazameni namba hizo mbili. Msingi uliokosekana kabisa unaigharimu mashine karibu theluthi moja tu ya inacholipa kwa ardhi ambayo tayari inaijua. Ikiwa na nguvu kidogo ya kujirekebisha itaipeleka wapi? Itaipandisha ardhi tupu kutoka 0.99 hadi 0.995 na kupata faida kubwa, na msingi utabaki gizani. Mashine haikukosea hapo. Imetii amri tuliyoipa.

Watu wa fani hii waliliona jambo hili mapema. Modeli ambayo wengi wetu tunaitumia mpaka leo, U-Net, ilitolewa mwaka 2015 na Olaf Ronneberger, Philipp Fischer na Thomas Brox wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, kwa ajili ya picha za hadubini. Inaibana picha hatua kwa hatua ili kupata maana ya jumla, kisha inaipanua tena hadi ukubwa wake wa kwanza, huku ikiazima maelezo madogomadogo kutoka upande wa kubana. Kinachosahaulika ni kwamba ndani ya kazi ileile waliweka uzito wa pekee kwenye vijia vyembamba kati ya seli mbili zinazogusana. Pikseli hizo ni chache mno, lakini ukizikosa seli mbili zinakuwa moja. Anayeijua mitaa ya Ng'ambo mjini Unguja, ambako paa linagusa paa, ataona mara moja kwa nini wazo hilo linatufaa. Mwaka 2021 kikundi cha Google kilichofanya kazi Accra, Ghana, kilipochora majengo ya Afrika kwa picha za satelaiti, nacho kiliipa uzito mipaka ya majengo.

Dawa ya kwanza, basi, ni uzito: kila adhabu ya kundi adimu izidishwe kwa 10, kwa 50, kwa kiasi utakachoona. Ni rahisi, na nitaisema vibaya baada ya muda mfupi.

Dawa ya pili ilitolewa mwaka 2017 na Tsung-Yi Lin na wenzake wa Facebook, kwa kazi ya kutambua vitu katika picha. Walisema adhabu ipunguzwe pale ambapo modeli tayari ina uhakika. Adhabu ya kawaida inazidishwa kwa kipeo cha pili cha kile kilichobaki kufika 1. Pikseli iliyopewa 0.9, iliyobakiza 0.1, adhabu yake inagawanywa kwa 100, iliyopewa 0.99 inagawanywa kwa 10,000. Tuiweke katika hekta zetu. Ile 205,000 ya ardhi tupu inashuka hadi kama 20. Ile 75,000 ya msingi inashuka kidogo tu, inabaki juu ya 73,000. Mizigo imegeuka upande. Mimi binafsi naona hii ni miongoni mwa hatua nzuri kabisa katika fani yetu, kwa sababu ni mstari mmoja wa hesabu na kila mwanafunzi anaweza kuuthibitisha kwa mkono.

Dawa ya tatu ina historia inayonifurahisha. Mwaka 1945 mwanaikolojia wa Marekani, Lee Dice, alitafuta namna ya kupima jinsi spishi mbili zinavyoonekana pamoja. Mdenmark Thorvald Sørensen, mtaalamu wa mimea, alitoa kipimo hichohicho mwaka 1948. Na kabla yao wote, mwanzoni mwa karne ya 20, Paul Jaccard wa Uswisi alikuwa amepima mimea ya milima ya Alps kwa kipimo cha ukoo mmoja. Wote walielewa kwamba mahali ambapo spishi zote mbili hazipo hapasemi lolote. Mwaka 2016 Fausto Milletari na wenzake walikigeuza kipimo cha Dice kuwa adhabu ya kufundishia modeli ya kuchora tezi dume katika picha za MRI. Chukua pikseli ambazo modeli na mchoraji, yaani mtu aliyechora majibu, wamekubaliana ni msingi, zizidishe kwa 2, gawanya kwa jumla ya pikseli za modeli na za mchoraji. Ardhi tupu waliyokubaliana haimo kabisa katika hesabu. Modeli iliyoukosa msingi inapata sifuri, hata hekta zikiwa milioni.

Lakini vipimo hivi vya mwingiliano navyo vina upendeleo wake, na hapa nataka tukae kidogo. Tuseme modeli inachora kila jengo pikseli 2 ndani ya mpaka wa kweli, sentimita 14 kila upande. Ule msingi wa mita 8 kwa 10 unabaki mita 7.72 kwa 9.72, na kipimo cha Jaccard, yaani eneo walilokubaliana likigawanywa kwa eneo lote lililochorwa na yeyote kati yao, ni 0.94. Choo cha nje cha mita 2 kwa 2, chenye kosa lilelile la sentimita 14, kinapata 0.74. Kosa ni moja, mkono ni uleule, alama zimepishana hivyo. Anayelinganisha modeli mijini kwenye majengo makubwa na vijijini kwenye vibanda, kisha akasema modeli imefanya vibaya vijijini, huenda amepima ukubwa wa vibanda tu. Tena, katika kipande cha picha kisicho na msingi hata mmoja, kipimo cha Dice kinakwama: modeli ikinyamaza unagawanya sifuri kwa sifuri, na ikidondosha pikseli moja tu ya makosa inapata sifuri sawa na iliyokosea zote. Vipande vingi vya Zanzibar havina msingi, kwa hiyo kila anayetumia kipimo hiki lazima aseme waziwazi amefanya nini na vipande hivyo. Wengi hawasemi.

Dawa ya nne ni uchaguzi wa vipande vya kufundishia, yaani kuhakikisha kwamba mashine inakutana na kitu adimu mara nyingi kuliko kinavyopatikana duniani. Kikundi cha Fabian Isensee cha Heidelberg, katika mfumo wao uitwao nnU-Net uliochapishwa mwaka 2021, kinalazimisha theluthi moja ya vipande viwe na kitu kinachotafutwa. Ndiyo dawa ninayoipendekeza ianze kabla ya nyingine, maana haihitaji fomula mpya.

Sasa nifike kwenye madhara niliyoyataja.

Tuseme umeipa misingi uzito wa 50. Modeli imejifunza, na kwa pikseli fulani inatoa uwezekano wa 0.5. Afisa anayeiona namba hiyo anaelewa kwamba nusu kwa nusu, huenda pana msingi. Sivyo. Ukifuata hesabu hadi mwisho, modeli iliyofundishwa kwa uzito wa 50 na ikajifunza vizuri inatoa 0.5 pale ambapo uwezekano wa kweli ni 1 kwa 51, chini kidogo ya asilimia 2. Umetuma gari, mafuta na watu wawili mahali ambapo mara 50 kati ya 51 watakuta nyasi. Uchaguzi wa vipande unapotosha kwa njia hiyohiyo. Adhabu ya Dice inapotosha kwa njia yake: inaisukuma modeli kuelekea 0 au 1, ili ichague upande, na ramani inayotoka ina mipaka mikali na sura ya kujiamini hata pale ambapo haikuwa na sababu. Tulitaka kuuokoa msingi. Tumeuokoa, na tumeipoteza maana ya namba inayoambatana nao.

Ninasikitika kwamba mambo haya mawili, uchache na shaka, hufundishwa katika vipindi viwili tofauti na kuandikwa katika makala mbili tofauti. Mwanafunzi anasoma dawa za uchache Jumatatu na vipimo vya shaka Alhamisi, na hakuna anayemwambia kwamba dawa ya Jumatatu inaubatilisha usomaji wa Alhamisi. Ni jambo moja na lingefaa lifundishwe kama jambo moja.

Kuna njia ya kurekebisha, na uzuri wake ni kwamba haina gharama. Sokoni, Wakala wa Vipimo hauvunji mizani ili kuijua. Unaweka jiwe la uzito unaojulikana na kusoma. Modeli nayo hupewa picha ambazo haikufundishwa nazo na ambazo majibu yake yanajulikana, kwa uwiano uleule wa misingi ulioko mitaani, bila kuupandisha. Unakusanya pikseli zote ilizozipa karibu 0.7 na kuhesabu ngapi ni misingi kweli. Zikiwa saba katika kumi, namba inaaminika. Zikiwa tatu, unajua kiasi cha uongo. Kama ulitumia uzito unaoujua, unaweza kuurudisha nyuma kwa hesabu. Kwa modeli inayojiamini kupita kiasi, kama ile ya adhabu ya Dice, ipo njia ya Chuan Guo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, ya mwaka 2017: namba moja tu inayogawanya alama za modeli kabla hazijageuzwa kuwa uwezekano, na namba hiyo hutafutwa kwenye zile picha za ukaguzi. Kazi yao ilionyesha kwamba modeli kubwa za kisasa, hata bila dawa za uchache, zilikuwa zinajiamini kupita kiasi.

Namba ikishaaminika, kizingiti kinajipanga chenyewe. Mazoea ni kukata kwenye 0.5, na mazoea hayo hayana msingi wowote. Kama ofisi inaona kwamba kuukosa msingi ulioko kwenye njia ya barabara ni hasara mara 10 ya safari ya bure ya kwenda kutazama, basi kizingiti sahihi ni 1 kwa 11, karibu 0.09. Kila penye uwezekano unaozidi hapo, mtu aende. Ofisi nyingine, yenye gari moja na mafuta ya kupimiwa, itakuwa na uwiano wake na kizingiti chake. Huo ni uamuzi wa ofisi, na mtengeneza modeli hana haki ya kuufanya kimyakimya kwa niaba yao.

Nimekuwa nikisema shaka kana kwamba ni moja. Ziko mbili, na Alex Kendall na Yarin Gal wa Cambridge walizitenganisha vizuri kwa kazi za picha mwaka 2017. Ya kwanza iko ndani ya picha yenyewe. Tazameni kuta nne zisizo na paa kutoka juu. Je, ni pagale linalosubiri fedha, au ni gofu la nyumba iliyoanguka? Kwa droni iliyo juu, kuta ni kuta. Kwa mpangaji, moja ni kaya inayokuja na nyingine ni kaya iliyoondoka. Mistari ya mawe ardhini nayo inaweza kuwa msingi wa nyumba, au mpaka wa shamba, au zizi la zamani. Paa la makuti lililofunikwa nusu na mwembe lina ukingo ambao hakuna jicho litakaloukata kwa sentimita 7. Ukiongeza picha elfu kumi za namna hiyohiyo, shaka hii haipungui. Inapungua ukileta kitu cha aina nyingine: picha ya mwaka mwingine, au mtu anayekwenda kumwuliza jirani.

Na tusidhani wachoraji wa binadamu wameepuka shaka hii. Katika hazina ya picha za mapafu iitwayo LIDC-IDRI, yenye picha za CT 1,018, kila picha ilisomwa na madaktari wanne wa radiolojia, na mara nyingi wanne hao hawakuchora uvimbe kwa namna moja, wala hawakukubaliana kila mara kama uvimbe upo. Mwaka 2018 Simon Kohl na wenzake walijenga aina ya U-Net inayotoa michoro kadhaa inayowezekana badala ya mmoja, ikijifunza kutoka katika tofauti hizo. Kwetu, kuta zile nne zingepewa wachoraji watatu, na kutokubaliana kwao kungehifadhiwa. Kinachofanyika kwa kawaida ni kura ya wengi, kisha jibu la wachache linafutwa. Kwa kundi lililo adimu tangu mwanzo, kura hiyo inaumiza mara mbili, kwa sababu palipo na utata jicho la mtu huelekea kitu kilichozoeleka.

Shaka ya pili iko ndani ya modeli: haijui kwa sababu haijaona. Modeli iliyofundishwa kwenye mabati ya Mjini Magharibi, ikipelekwa kwenye maweni ya Makunduchi au kwenye vilima vya Pemba, inakutana na rangi na vivuli vingine. Hapo inaweza kutoa 0.97 kwa ujasiri na ikawa imepotea kabisa. Njia ninayoiamini zaidi ya kuigundua hali hiyo ni ya mwaka 2017, ya Balaji Lakshminarayanan na wenzake wa DeepMind: fundisha modeli kadhaa, kila moja ikianzia mahali pake pa bahati nasibu, kisha zisikilize zote. Yarin Gal na Zoubin Ghahramani walikuwa wameonyesha mwaka 2016 njia nafuu zaidi, ya kutumia modeli moja mara nyingi huku sehemu zake zikizimwa ovyo kila mara, na asiye na kompyuta kubwa aanzie hapo.

Tuseme tuna modeli tano na pikseli mbili. Kwa pikseli ya kwanza zote tano zinasema 0.5. Kwa ya pili zinasema 0.98, 0.03, 0.95, 0.04 na 0.50. Wastani wa zote mbili ni 0.5, na kwenye ramani ya kawaida zitapakwa rangi moja. Lakini kwa ya kwanza modeli zinakubaliana kwamba picha haitoshi; pale mtu aende akatazame. Kwa ya pili zinagombana, nne kati yake zikiwa na hakika zinazopingana, kwa kuwa hazikufundishwa mahali kama pale. Hapo kinachohitajika ni wachoraji wachore vipande vya eneo lile na modeli zifundishwe upya. Ramani inayozichanganya shaka hizi mbili itawapeleka wapima ardhi mahali pa wachoraji, na wachoraji mahali pa wapima ardhi.

Watu wa kufanya kazi hiyo tunao. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, ulitembeza wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wenyewe, katika mitaa inayofurika, wakiandika mitaro, vichochoro na nyumba. Uwezo wa aina hiyo ni mali. Ukiupa ramani isiyoonyesha shaka, utautumia kuhakiki mapaa ambayo mashine ilikuwa na hakika nayo, na ilikuwa sahihi.

Inawezekana kuitoa shaka pamoja na ramani, hata kwa bara zima. Ile hazina ya majengo iliyotolewa mwaka 2021 na kikundi cha Accra, Open Buildings, ilikuwa na majengo milioni 516 ya Afrika, na kila jengo lilitolewa na alama ya uhakika wake. Pamoja nayo walitoa vizingiti tofauti kwa maeneo tofauti ya bara, ili mtumiaji anayetaka, tuseme, majengo tisa ya kweli katika kila kumi ajue akate wapi katika eneo lake. Ninaisifu kazi hiyo kwa hilo kuliko kwa wingi wa majengo. Lakini ilitumia picha za sentimita 50. Kwa kipimo hicho msingi wetu wa mita za mraba 80 una pikseli 320 tu, na choo cha nje kina 16. Hapo droni za Zanzibar zina jambo ambalo satelaiti ile haikuwa nalo, na itakuwa hasara tukizichorea ramani yenye adabu ndogo kuliko ile.

Kabla sijamaliza, neno la ufundi kwa wanafunzi, kwa kuwa kosa hili ni la kawaida na linaharibu kila nililolisema. Msigawe vipande vya picha vya kufundishia na vya kupimia kwa bahati nasibu. Vipande viwili vilivyopakana vina paa moja lililokatwa katikati, udongo mmoja, jua la saa ileile. Modeli iliyofundishwa kwenye cha kushoto na kupimwa kwenye cha kulia imeonyeshwa mtihani mapema. Tengeni shehia nzima, au kisiwa kizima kama mnaweza. Namba zitashuka, hasa za misingi, na shaka ya modeli itapanda. Zitakuwa namba ambazo afisa wa Micheweni, kule Pemba, anaweza kuzitegemea.

Na ninyi wa ofisi za ardhi, mtakaoletewa ramani hizi na kuombwa mzipokee: ulizeni kwanza usahihi wa misingi peke yake, bila kuchanganywa na ardhi tupu wala na nyumba zilizokamilika, katika shehia ambayo modeli haikuiona. Ulizeni kama namba za uhakika zilikaguliwa baada ya dawa za uchache kutumika, au kabla. Ombeni shaka mbili katika safu mbili za ramani. Asiyeweza kujibu, mrudishieni kazi aimalize.